Dakika Moja ya Mjomba

3 Februari

Mpwa wangu Kiroboto,

Marahaba! Naitikia kabisa, maana najua shikamoo yako iko njiani. Huku sote wazima. Mama yako magoti yamempa nafuu, mdomo ndio haujapumzika. Mkaza mjomba wako, Kamanda, ameitazama ile picha uliyotuma akasema umekonda. Usimjali. Yeye hata kuku akiwa ndani ya sufuria humwonea huruma kwamba amekonda.

Swali langu ni lile lile: dawa zako unameza? Asubuhi na jioni? Usinijibu "ndiyo Mjomba" kwa kunifurahisha tu. Wewe na kifafa chako mmeishi pamoja miaka kumi na mitano sasa, na mimi ndiye niliyekupakia kwenye baiskeli kukupeleka hospitali mara ya kwanza, wakati watu wazima na akili zao walitaka upelekwe kwa waganga. Kwa hiyo nitauliza mpaka niingie kaburini.

Sasa kaa vizuri nikuchekeshe. Juzi alikuja dukani Mwalimu Mkuu, yule mwenye masharubu ambayo hufika darasani kabla yake. Alitaka niyapunguze kidogo tu. Nikapaka povu, nikanoa wembe, nikaanza. Hapo nikazubaa. Kuja kutazama, sharubu la kushoto halipo! Halipo kabisa, limenyolewa safi kama kisigino cha mtoto. Na mwenyewe amefumba macho, anasinzia.

Nikamwamsha kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. "Mwalimu, huu ndio mtindo wa sasa. Unanyoa upande mmoja, nywele zinapumua, wiki ijayo unanyoa wa pili, zote zinaota na nguvu mpya." Akajitazama kwenye kioo. Akajitazama tena. Mimi nilishaanza kupima kwa jicho umbali wa kufika mlangoni. Mwishowe akasema, "Sawa. Sayansi ni sayansi." Na kesho yake wamekuja walimu wake wawili wanaotaka kupanda cheo, kila mmoja anataka sharubu moja tu.

Mstari huu mrefu wa wino uliokatiza karatasi usiushangae, paka alinigonga mkono nikiandika.

Salamu zote za nyumba hii zimo humu, wagawie na wenzako.

Mjomba wako, kinyozi wa mitindo ya kisasa


25 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Na Kamanda shikamoo, na mama shikamoo, mgawane vizuri msigombane. Mimi sijambo, chumba changu kimepata dirisha jipya, na jirani wa ghorofa ya juu ameacha kupiga tarumbeta, sijui ameuza au wamemwibia. Mungu ambariki mwizi.

Barua yako niliisoma kazini nikacheka mpaka bosi akaja kuuliza kama gundi imenipanda kichwani. Unajua hapa karakana ya kujalidi vitabu hatuchekicheki ovyo, kurasa zinapeperuka. Kisha nikaisoma mara ya pili. Mara ya pili sikucheka.

Mjomba, ulizubaa kwa muda gani? Sharubu la Mwalimu Mkuu ni kama brashi ya viatu, haliondoki kwa kufumba na kufumbua. Unakumbuka ukilinyoa? Kabla ya hapo hukusikia harufu fulani, au tumbo kupanda kama mtu aliye kwenye bembea? Na huyo paka ameanza lini? Kamanda akimwona paka kwa mbali tu hupiga chafya mpaka majirani wanamwombea.

Nauliza tu.

Kazini kuzuri. Wamenihamisha kutoka kwenye ile mashine kubwa ya kukatia karatasi, sasa niko meza ya gundi. Mabadiliko tu ya kawaida. Dawa nameza, ndiyo Mjomba, na sisemi kwa kukufurahisha.

Nawapenda nyote, hata paka.

Kiroboto


9 Machi

Kiroboto mwenye maswali,

Marahaba. Sote wazima. Kioo kikubwa cha duka nimekibadilisha, cha zamani kilikuwa kinawaonyesha wateja ukweli.

Paka ni wa jirani. Kuhusu kuzubaa, mimi ni mtu mwenye mawazo mengi, na mtu mwenye mawazo huzubaa. Ungekuwa na duka, mke kama Kamanda na dada kama mama yako, nawe ungezubaa. Tumbo langu halipandi bembea. Harufu ya mpira unaoungua huwa naisikia mara moja moja, lakini ng'ambo ya barabara kuna fundi wa matairi, ulitaka nisikie harufu ya waridi?

Wewe sasa. Ile mashine ya kukata uliipenda kuliko chakula. Barua tatu nzima uliniandikia jinsi inavyokata karatasi elfu kwa pigo moja. Leo "mabadiliko ya kawaida"? Nani amekubadilisha, na kwa nini?

Jibu lije upesi, nami nakutakia kila la heri mpaka lifike.

Mjomba wako

(Chini hapa ni mimi Kamanda. Mimi ndiye ninayepeleka barua posta, na bahasha nimeifungua kwa mvuke wa birika. Mwanangu, jirani hana paka. Mjomba wako huondoka akiwa amekaa pale pale. Macho wazi, ananitazama lakini hanioni. Anatafunatafuna na mdomoni hamna kitu, na vidole vinafungua vifungo vya shati na kuvifunga. Nikimwita hajibu. Halafu anarudi, ananiuliza, "Ulikuwa unasema?" Nimeona mara nne tangu mwaka uanze. Nikimwambia anasema mimi ndiye ninayeota. Naogopa wembe. Nisaidie.)


28 Aprili

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Wiki saba barua yako nimeiweka bila kuijibu, na posta haina kosa. Huku tuko salama, mvua imetulia, na jirani amenunua tarumbeta nyingine.

Nilikaa kimya kwa sababu uliniuliza swali nami nilikuwa nimekudanganya. Ningekuandikia nini kuhusu vifungo vya shati wakati mimi mwenyewe najificha? Basi naanza na yangu.

Mwezi wa kwanza nilianguka kazini. Dawa zilikwisha, nikasema nitazifuata kesho, kesho ikawa siku tatu. Nilikuwa nimesimama karibu na ile mashine. Nashukuru nilianguka upande wa ukutani. Nilipozinduka, nguo zimelowa, ulimi nimeung'ata, na Fundi Mkasi, yule mzee anayekata ngozi za majalada, ameshika kijiko, anatafuta pa kukiingiza. Nilimwambia kwa ulimi uliovimba, "Mzee wangu, hapana. Jino moja lilishavunjwa na kijiko cha mjomba wangu, yaliyobaki nayahitaji." Ndiyo maana nimehamia meza ya gundi. Sikukuambia kwa sababu ungepanda basi siku hiyo hiyo uje kuninyoa hadharani.

Sasa yako. Usimgombeze Kamanda. Kama asingeniandikia yeye, ule mstari wa wino kwenye barua yako ungenitosha.

Unajua sisi wote pale nyumbani tuliamini kifafa ni kimoja, kile changu cha kuanguka. Muuguzi wa kliniki yetu alinikalisha chini akanichorea nyumba. Akasema ubongo unafanya kazi kwa umeme mdogomdogo, na kifafa ni hitilafu ya umeme huo inayojirudia. Ikishika nyumba nzima kwa mpigo, mtu huanguka, hukakamaa, halafu hutupa mikono na miguu. Hicho ndicho changu. Lakini nyumba nzima inaweza pia kuzimika sekunde chache tu na kuwaka: mtoto anakodoa macho darasani, anakatika katikati ya neno, kisha anaendelea, na mwalimu anampa adhabu kwa kutosikiliza. Wengine asubuhi mikono inashtuka tu, kikombe kinaruka, chai ukutani.

Na kuna hitilafu inayoanzia chumba kimoja. Kikiwa chumba kile cha harufu, mtu anasikia harufu ambayo wengine hawaisikii. Tumbo linaweza kupanda. Halafu anabaki amekaa, macho wazi, anatafuna, anachezea nguo. Dakika moja, labda mbili. Akirudi hajui kama ameondoka. Mjomba, mtu huyo haanguki hata kidogo. Nacho pia ni kifafa.

Mimi si daktari, na watu huzubaa kwa sababu nyingi. Ila wewe ukizubaa unakuwa na wembe, na chini ya wembe kuna shingo ya mtu. Nenda hospitali. Nenda na Kamanda.

Nimekuambia yangu yote, hakuna nilichobakiza.

Kiroboto wako


6 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Wazima.

Pole kwa kuanguka. Ningekuja kweli.

Mimi sina kifafa. Nimenyoa watu miaka thelathini na moja, nimenyoa bwana harusi na nimenyoa maiti, hakuna aliyelalamika. Na tuseme hata ingekuwa kweli. Wewe meza ya gundi walikupa. Mimi watanipa meza gani? Siku neno hilo litakapotoka mdomoni mwangu pale dukani, nani atakaa kwenye kiti changu? Nijibu hilo, wewe na muuguzi wako mchora nyumba.

Mjomba


20 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo, shikamoo tena, na ya tatu weka akiba.

Nimefurahi umekasirika. Ungekuwa huogopi ungeniandikia kichekesho.

Sijui nani atakaa kwenye kiti chako, na siwezi kukudanganya tena mwaka huu. Naweza kukuambia ya huku tu. Baada ya kuanguka nilirudi kazini nikakuta wenzangu wanapita mbali nami, kikombe changu kimetengwa kwenye rafu ya peke yake. Nililia chooni. Halafu nikatoka nikapanda juu ya kigoda, nikawaambia: kifafa hakiambukizi, hata kwa mate. Nikianguka, nilazeni ubavu, wekeni kitu laini chini ya kichwa, msinishike kwa nguvu, msiniwekee kitu mdomoni, tazameni saa. Ikipita dakika tano, hospitali. Bosi akataka tufanye zoezi. Fundi Mkasi akajitolea kuwa mgonjwa, wakamlaza ubavu, mto chini ya kichwa. Akapitiwa na usingizi pale pale na kukoroma mpaka saa ya chakula. Tangu siku hiyo vikombe vimechanganyika, na changu ananywea yeye, nimekoma kukidai.

Sikuombi uamini. Nakuomba kimoja tu: mpaka upimwe, mwachie Kamanda wembe. Wewe tumia mashine ya umeme yenye kitana, haikati ngozi.

Ulinibeba kwa baiskeli nikiwa na miaka tisa na hukuniuliza kama naogopa. Nami sikuulizi.

Kiroboto


2 Julai

Mpwa wangu Kiroboto,

Marahaba, ile ya akiba pia naitumia. Sote tuko salama, na nasema salama nikijua maana yake.

Wembe sikumwachia Kamanda. Hilo nalikiri kwanza. Siku moja asubuhi nilikuwa namnyoa yule jirani yangu mwenye bucha, mtu mpana, mpole, hupenda kusimulia ndoto zake. Akiwa kwenye ndoto ya pili nikasikia harufu ya mpira. Kilichofuata ninachokijua, wembe uko mkononi mwa Kamanda, naye amesimama kati yangu na kiti. Chini ya sikio la mwenye bucha palikuwa na mkwaruzo mwembamba kama uzi, na tone la damu. Yeye alidhani nimepiga chafya. Kamanda aliufunga wembe, akautia mfukoni, akanifungia na vifungo vya shati. Nilifunga duka saa nne asubuhi, tukaenda hospitali.

Daktari ni binti mdogo, utadhani wa rika lako. Akaanza kumhoji Kamanda, mimi kaniacha kando kama mwavuli. Nikalalamika kwamba mgonjwa ni mimi. Akasema, "Samahani mzee, lakini hukuwepo." Kamanda alicheka mpaka akashika ukuta.

Wakanibandika nyaya kichwa kizima, na unajua zinashikizwa kwa nini? Gundi! Gundi kwenye kichwa cha kinyozi! Nimeosha siku tatu. Majibu yalipotoka hayakuonyesha kasoro, nikainuka nishangilie. Binti akaniambia nikae. Kumbe kipimo hicho kinaweza kuwa safi na kifafa kipo, kwa vile siku hiyo hitilafu haikutokea, na maneno ya aliyeshuhudia ni kipimo pia. Picha ya kichwa ikaonyesha kovu dogo upande mmoja. Akaniuliza kama niliwahi kuanguka. Nikajibu kwa fahari, sijaanguka maishani. Kamanda akakohoa, akataja ile ngazi ya kupakia rangi dari ya duka.

Basi ni kile cha chumba kimoja, kama ulivyosema. Nameza kidonge asubuhi na jioni. Wembe nimekatazwa mpaka daktari aseme, ngazi na baiskeli vivyo hivyo. Kamanda ndiye anayenyoa ndevu sasa, na nakuambia kwa uchungu mkubwa, mkono wake ni mwepesi kuliko wangu.

Wateja nimewaambia mkono unauma. Ukweli sijawaambia. Hapo bado nimekwama.

Mjomba wako, mwenye gundi nyuma ya masikio


19 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo! Nimeibusu barua yako mbele ya bosi. Nina miezi sita sijaanguka, na bosi amesema nikifikisha mwaka, na daktari akikubali, tutazungumza kuhusu ile mashine. Nisipoirudia pia nitaishi. Meza ya gundi ina dirisha.

Mambo mawili. Ukijiona mzima usiache dawa, hata kwa siku moja, jifunze kwangu. Na waambie wateja wewe mwenyewe kabla hawajaona, maana atakayeona bila kuelezwa atajieleza mwenyewe, na atakosea. Waambie ikija wakutoe kitu mkononi, wakuelekeze taratibu mbali na hatari, waseme nawe kwa upole, wasikukamate kwa nguvu, waangalie saa. Inatosha.

Ukimaliza niandikie, hata kama ni mabaya.

Kiroboto


30 Septemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako mzima, ananisahihisha dozi kana kwamba yeye ndiye daktari. Kamanda anakusalimu, siku hizi wateja wanamwita Fundi, na mimi wananiita mume wa Fundi.

Nimekawia kuandika kwa sababu nilitaka nikuandikie mwisho wake.

Jumamosi ya wiki iliyopita, duka likiwa limejaa, nilizima redio. Nikasema, "Jamani, mkono wangu hauumi. Nina kifafa." Nikaeleza yote, chumba kimoja, dakika moja, kile cha kufanya. Mmoja akauliza kama huja na povu. Mwingine akakumbuka ana mgeni nyumbani. Watatu wakamkumbuka mgeni huyo huyo.

Jumatatu hakuja mtu. Jumanne hakuja mtu kwangu, wa ndevu wawili walikwenda kwa Kamanda. Jumatano nilikisafisha kiti mara nne. Sitakuficha, nilisema moyoni kwamba heri ningeendelea kudanganya, na nilikulaumu wewe kwa jina lako kamili.

Alhamisi akaingia mwenye bucha. Nilimfuata mlangoni. Nikamwambia ule mkwaruzo wa sikioni haikuwa chafya, ilikuwa ndiyo yenyewe, na kama anataka kugeuka ageuke, sitamlaumu. Akajishika sikio. Akafikiri. Akasema, "Wembe uko wapi sasa?" Kamanda akapiga mfuko wake. Akaenda akakaa kwenye kiti changu.

Nikamfunga kitambaa, nikawasha mashine. Nilikuwa nimemaliza upande wa kulia wote nikaisikia ile harufu ya mpira, na fundi wa matairi siku hiyo alikuwa amefunga. Nikawahi kusema neno moja tu, "Inakuja."

Niliporudi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la wateja. Mashine imezimwa, iko mezani. Kamanda yuko kando yangu, anaongea taratibu habari za nguo za kuanua. Na mimi, Kiroboto, nilichofanya kwanza ni kukitazama kiti. Niliogopa kukitazama, lakini nilikitazama.

Mwenye bucha alikuwa amekaa pale pale, kitambaa shingoni, macho kwenye saa ya ukutani. Upande mmoja upara, upande mwingine kichaka.

"Dakika moja na robo," akasema. "Nimekuhesabia."

Nikajaribu kuinuka nikamalizie. Miguu bado ilikuwa mizito, na nikaanza kumwomba radhi. Akanionyesha kwa mkono nikae.

"Pumzika kwanza, kinyozi," akasema. "Mimi siendi popote na kichwa hiki."

Mjomba wako